Katoto, mzee na tyubu nne za damu ya farasi

Najua sijaandika hapa tangu mwezi wa tatu. Umeme, kazi, uvivu, chagueni wenyewe sababu mnayoitaka. Leo nimerudi na habari za farasi, ndio farasi, hapa hapa Uganda, na kabla hujauliza "kwani tuna farasi sisi?" nikwambie wapo, wachache lakini wapo, ukienda Jinja kando ya Nile utawaona wamebeba wazungu na watoto wa matajiri wa Kampala, na Lake Mburo watalii wanapanda farasi kwenda kuangalia pundamilia, ambao nao wanasimama wanawaangalia hao farasi kama binamu waliotajirika.

Mimi kazi yangu ni labu. Wanaonisoma siku nyingi wanajua nilikulia kambi ya polisi, Kiswahili changu nimekipata huko, alafu nikasomea mambo ya maabara na sasa hivi niko kwenye labu ndogo ambayo asubuhi inapima watu na mchana ikibaki nafasi inapima na mbwa, mbuzi, ng'ombe, chochote chenye damu. Ng'ombe nawajua, mbwa nawajua. Farasi walikuwa hawajawahi kuniletea shida, kwa sababu hawakuwa wananiletea kitu chochote, mpaka ile Jumanne.

Kijana wa boda akaleta kisanduku cha barafu cha bluu, ndani tyubu nne zenye kofia ya zambarau, zimeandikwa kwa kalamu 1, 2, 3, 4 na karatasi moja imeandikwa "farasi, damu yote, chembe nyeupe tafadhali". Basi. Hakuna umri, hakuna jina, hakuna kilichoandikwa kwamba huyu anakohoa au huyu ni mzima tu. Fomu yetu yenyewe pale juu ina sehemu ya aina ya mnyama na jina la mwenye mnyama na simu na kama amelipa (hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa), ya umri haina, sijui nani aliitengeneza.

Cha kwanza kilichonishtua ni damu yenyewe. Nimezisimamisha zile tyubu kwenye kishikio, nikaenda kuzima jiko la chai, nimerudi nakuta damu imejitenga, nyekundu imezama chini na juu kuna maji ya njano kabisa, njano ya mafuta ya kupikia. Kwa binadamu ukiona njano hiyo unaanza kuwaza ini, manjano, unamtafuta daktari. Kumbe farasi ndo alivyo, maji ya damu yake ni ya njano hata akiwa mzima, na chembe zake nyekundu zina tabia ya kujipanga kama sarafu zilizobebanishwa kwa hiyo zinakuwa nzito zinazama haraka. Kwa hiyo ukitaka kuhesabu kitu lazima uigeuze tyubu taratibu mara nyingi kwanza, la sivyo unahesabu upuuzi.

Mashine yetu ni ya binadamu na sikuiamini, nikahesabu kwa mkono. Wale wa labu mnajua: unachanganya damu moja kwa ishirini na dawa inayoua chembe nyekundu, unaweka kwenye kile kioo chenye mistari, unahesabu miraba minne ya pembeni, jumla unazidisha kwa hamsini. Tyubu ya kwanza nimepata 184, mara hamsini ni 9,200 kwa maikrolita moja. Farasi mzima kwenye vitabu anakuwa kati ya kama 5,000 na 12,000 hivi, kwa hiyo hapo hakuna shida. Ya pili 12,800, ikapita kidogo. Ya tatu 7,400. Ya nne 6,300. Alafu nikapaka damu kwenye vioo, nikatia rangi, nikakaa kwenye maikroskopu kuhesabu mia mia, ipi nyutrofili, ipi limfosaiti.

Hapa niseme kidogo kwa wale ambao biolojia waliiacha S4, kidato cha nne. Chembe nyeupe sio kitu kimoja, ni ukoo. Nyutrofili ni zile zinazokimbilia bakteria na kuwameza, usaha unaouona kwenye kidonda kwa sehemu kubwa ni maiti zao. Limfosaiti ndo zinazotengeneza kingamwili na zinazokumbuka ugonjwa uliowahi kukupata. Alafu kuna monosaiti, eosinofili, basofili, hizi kwa farasi mzima ni chache, ingawa eosinofili ya farasi lazima niisifu, nilipoiona mara ya kwanza niliita wenzangu wote waje waangalie, maana chembechembe zake ndani ni kubwa, nyekundu, zimebanana kama tunda la enkenene, zile za porini tulizokuwa tunachuma tukiwa wadogo. Mnyama mwingine mwenye eosinofili nzuri namna hiyo mimi sijamuona.

Sasa vitabu vingi vinasema nyutrofili ni askari. Mimi mtoto wa kambi, askari nawajua, wengi wakati wowote utakaopita utawakuta wameegemea ukuta kwenye kivuli, na amini usiamini nyutrofili nazo ziko hivyo hivyo! Kwa farasi karibu nusu ya nyutrofili zilizo kwenye mishipa hazitembei na damu, zimejishikiza kwenye kuta za mishipa, kwa hiyo ukichota damu hazimo kwenye tyubu yako. Kumbukeni hili la ukutani maana nitalirudia.

Nikapata hivi. Namba moja nyutrofili 76, limfosaiti 20 katika mia. Namba mbili nyutrofili 43, limfosaiti 52. Namba tatu 56 kwa 38. Namba nne 71 kwa 22. Nikafungua jedwali la farasi nililokuwa nalo kwenye simu, jedwali moja tu, nikaandika ripoti kwa kujiamini kabisa kabisa. Namba moja: nyutrofili ziko juu, shuku maambukizi ya bakteria. Namba mbili, na hapa naona aibu mpaka leo: limfosaiti nyingi kupita kiasi, fikiria saratani ya damu. Namba tatu: sawa. Namba nne: kama namba moja, shuku maambukizi. Nikapiga muhuri, nikatuma picha kwa WhatsApp, nikaenda kula.

Daktari wa mifugo akanipigia kabla sijamaliza rolex yangu, ile chapati ya mayai. Huyu ni mtu mpole sana, mwanamke wa makamo, amesoma Makerere na amekaa na farasi miaka mingi, akaniuliza tu, "Mwanangu, hizo ripoti ni za farasi wangapi?" Nikamwambia wanne. Akasema, "Namba moja amezaliwa juzi." Nikanyamaza. "Namba mbili ana miezi mitano. Namba tatu ndo mama yake namba moja, ana miaka tisa. Namba nne ni mzee wetu, wamesema ana miaka kumi na nne." Alafu akacheka, hakunigombeza hata kidogo, ambapo kwangu ni mbaya kuliko kugombezwa.

Akaanza kunisomesha kwa simu na nikatoa daftari.

Katoto ka farasi kanapozaliwa, baada ya kukaa tumboni miezi kumi na moja hivi, karibu siku 340, kanatoka na nyutrofili nyingi na limfosaiti chache, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Siku za mwisho tumboni mwili wake unamwaga homoni ya kotiso (cortisol), hiyo ndo inayokomaza mapafu na kila kitu awe tayari kutoka, na kotiso kazi yake nyingine ni kupandisha nyutrofili kwenye damu na kushusha limfosaiti. Kwa hiyo nyutrofili mbili, tatu au zaidi kwa kila limfosaiti moja, kwa katoto ka siku mbili, ni alama kwamba kalikomaa vizuri. Akaniambia kanapozaliwa kabla ya wakati utaona chembe nyeupe ni chache, na nyutrofili na limfosaiti ziko karibu sawa, na hapo yeye ndo anaanza kuogopa. Na maambukizi yakiingia kwenye damu ya katoto kachanga, mara nyingi nyutrofili ZINASHUKA, kwa sababu zinatumika haraka kuliko mifupa inavyoweza kutengeneza, unaanza kuona na zile changa ambazo hazijakomaa zimetolewa nje kwa lazima. Yaani mimi niliandika "shuku maambukizi" kwenye damu ya katoto ambako kwa kweli damu ilikuwa inasema kako poa. Nilisoma barua kichwa chini.

Kilichokuwa kinamhangaisha yeye ni kitu kingine, kama kalinyonya dang'a. Mimba ya farasi haipitishi kingamwili kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kama ya binadamu inavyofanya, kondo lake lina kuta nyingi mno, kwa hiyo katoto kanazaliwa karibu mikono mitupu, kingamwili zote za mwanzo ziko kwenye yale maziwa mazito ya kwanza, na utumbo unaziruhusu kupita kwenda kwenye damu kwa masaa machache tu, baada ya kama masaa 24 mlango umefungwa. Wanapima kingamwili hizo kwenye damu, wanataka ziwe juu ya miligramu 800 kwa desilita, chini ya 400 ni hatari, kanahitaji kuongezewa plazma, yale maji ya damu. Kumbe saisi, mtunza farasi wao, alikuwa amelala zizini usiku mzima kuhakikisha kamesimama na kunyonya. Mzee huyo ana miaka yake sitini na kitu na bado analala kwenye nyasi na farasi, bambi.

Sasa wa miezi mitano, yule niliyempa saratani. Limfosaiti za katoto zinaanza chini, wakati wa kuzaliwa zinaweza kuwa kama 1,500 tu au 2,000, alafu zinapanda mwezi kwa mwezi kwa sababu anakutana na dunia, vumbi, minyoo, mbu, mavi ya wenzake (watoto wa farasi wanakula mavi ya mama yao, usiniulize), na kila kitu kipya kinataka limfosaiti zake. Kingamwili alizopewa na mama nazo zinaisha taratibu, kwa hiyo lazima ajitegemee. Tezi ya thaimasi pale kifuani, ambako limfosaiti aina ya T zinakomazwa, kwa mtoto ni kubwa na iko kazini. Ukimpima akiwa na miezi mitatu, mitano, limfosaiti 5,000 au 6,000 sio ajabu, jumla yote inakuwa juu kuliko ya mama yake, na inaanza kushuka polepole akielekea utu uzima. Wangu alikuwa na 52 kati ya mia ya 12,800, yaani 6,656. Mtoto wa shule mwenye afya.

Hata hivyo daktari alisema alimsikiliza mapafu tu kwa usalama. Kuna bakteria wa udongoni anaitwa Rhodococcus equi, anapenda mapafu ya farasi wa kati ya mwezi mmoja na mitano, anatengeneza majipu ndani huku mtoto anarukaruka kama hana kitu, kwa hiyo kuna mashamba makubwa huko nje yanapima chembe nyeupe za watoto mara kwa mara na zikipita 13,000 wanaangalia mapafu kwa altrasaundi. Lakini hapo zinazopanda huwa ni nyutrofili hasa. Wa kwetu alikuwa safi.

Mama wa miaka tisa sina la kusema, 7,400, nyutrofili zimezidi limfosaiti kidogo, damu ya kitabuni. Kitu kimoja tu, daktari aliniambia ana bahati walimchota akiwa ametulia. Hapa narudi ukutani: farasi akishtuka, akikimbizwa uwanjani watu watatu wakimshika, adrenalini inazibandua zile nyutrofili zilizoegemea ukuta zinarudi kwenye mkondo, limfosaiti nazo zinamwagika, na wengu wa farasi, ambao ni ghala kubwa la chembe nyekundu, unajikaza na kumwaga damu nzito kwenye mishipa. Ndani ya dakika chache namba zote zimepanda na mnyama haumwi chochote, ameogopa tu. Akitulia zinashuka. Farasi wachanga na wale wenye damu moto ndo zaidi, kwa hiyo unaweza kuchukua mtoto mwoga ukamkimbiza, ukamchota, ukapata limfosaiti za kumtisha mtu kama mimi. Ikiwa ni safari ndefu ni kinyume, kotiso inafanya kazi kwa masaa, nyutrofili juu, limfosaiti chini. Hawa farasi wengi wanatoka Kenya kwa lori, wanasimama Malaba mpakani, nyinyi mnaoijua foleni ya Malaba mnajua hata binadamu anatoka pale nyutrofili zimepanda. Kwa hiyo yeye farasi mpya hampimi siku anayoshuka kwenye lori labda awe anaumwa kweli.

Na akaniongezea, ikiwa farasi wa hapa amelegea, nisikimbilie kuhesabu nyeupe tu, niangalie kwenye kioo kama kuna wadudu. Uganda ina mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaouleta, kwa farasi haina huruma, ina kupe wanaoleta vijidudu vya piroplazma ndani ya chembe nyekundu, ina usubi wanaoleta ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao unaweza kumuua ndani ya siku chache. Ndio maana hapa kwetu farasi hawakuwahi kuwa wengi, sio kwamba babu zetu hawakuona faida yake.

Sasa mzee. Hapa ndo sehemu iliyonikalisha.

Angalia tena namba moja na namba nne. Katoto ka siku mbili, 76 kwa 20. Mzee, 71 kwa 22. Ukiziweka kwenye karatasi bila umri ni ndugu mapacha, na mimi kweli niliwaandikia ripoti moja. Lakini katoto limfosaiti zake ni chache kwa sababu bado hazijazaliana, na mzee limfosaiti zake ni chache kwa sababu zimeisha. Thaimasi yake ilisinyaa zamani ikabaki mafuta, limfosaiti mpya zisizojua kitu hazitengenezwi tena kama zamani, zilizobaki nyingi ni zile zinazokumbuka magonjwa ya ujanani. Kwa hiyo ugonjwa wa zamani anaujua vizuri lakini umletee kitu kipya anababaika, hata chanjo mwili wake unaiitikia kwa uvivu. Nyutrofili zenyewe zipo kama kawaida kwa hesabu. Jumla ya mzee wetu ilikuwa 6,300, limfosaiti 1,386, na kwa farasi mzee sana hiyo wala sio habari.

Tatizo, daktari akasema, ni kwamba kumi na nne sio mzee sana. Farasi anayetunzwa anafika 25, hata 30, kuna mmoja Uingereza aliitwa Old Billy inasemekana alikufa 1822 akiwa na miaka 62, alikuwa anavuta mashua kwenye mfereji. Kumi na nne ni mtu mzima tu. Kwa hiyo aliniuliza kama niliona nyutrofili changa, au zenye madoa ya sumu, nikarudi kwenye kioo nikaangalia upya mia mbili, hakuna, zote zimekomaa, safi. Basi sio maambukizi ya kueleweka. Akawaza ile shida ya tezi ya pituitari inayowapata farasi wakipita miaka kumi na tano hivi, kotiso inaharibika mpangilio, manyoya yanakuwa marefu na kujikunja hayapukutiki, na limfosaiti zinaweza kushuka. Akasema manyoya ya huyu ni mafupi tu, labda aende amwangalie vizuri. Jioni hiyo hiyo akaenda.

Mimi nilibaki narekebisha ripoti. Nilifuta saratani kwanza. Alafu nikachukua rula na kalamu nikachora kwenye fomu yetu mstari mpya chini ya aina ya mnyama, UMRI, na chini yake nikaongeza "alikuwa ametulia?" Bosi aliuliza kwa nini nimeharibu fomu, nikamwambia ni mambo ya farasi, akaondoka.

Usiku saa tatu simu ikalia, picha kwenye WhatsApp. Mwanzoni sikuelewa naangalia nini, midomo imevutwa juu, fizi, vidole vya yule mzee saisi, na jino la pembeni la juu, refu, la njano, limelalia mbele, na katikati yake kuna mtaro wa kahawia unaoshuka kutoka kwenye fizi mpaka chini kabisa mwisho wa jino. Daktari akaeleza kwa sauti: ule unaitwa mtaro wa Galvayne, unaanza kuchungulia kwenye fizi farasi akiwa na kama miaka kumi, ukifika nusu ya jino ana kama kumi na tano, ukikamilika ana kama ishirini. Sio saa ya ukutani, meno yanatofautiana, lakini kumi na nne hapana. Aliyewauzia aliwauzia mzee kwa bei ya kijana.

Nyuma ya ile sauti namsikia saisi, anaongea Kiswahili cha Busia, "Mimi nilisema! Nilisema siku ile ile, huyu ni umri wangu huyu, hakuna aliyenisikiliza."

Nikafungua ripoti ya namba nne tena, nikafuta "shuku maambukizi", na kwenye mstari wangu mpya wa UMRI nikaandika "20 au zaidi, kwa meno".